Mbona watu walipigana na sanamu wakasahau ghorofa?

Msomaji mmoja wa Kisumu, anakaa upande wa Milimani na ako na kaduka kando ya barabara, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu:

"Habari msanifu. Huku kwetu kuna kampuni inataka kujenga ghorofa ishirini na kitu kwa ile ploti ilikuwa na miembe. Mbele yake wanasema wataweka sanamu kubwa ya chuma, sijui ni samaki sijui ni tanga la mashua. Tuliitwa kikao kwa ukumbi wa kanisa. Masaa mawili mazima watu walibishana juu ya sanamu. Wengine wanasema ni mambo ya kishetani, vijana wanasema hiyo pesa ingejenga choo, mzee mmoja akasema kama ni samaki basi iwe ngege si mbuta. Hakuna mtu hata mmoja aliuliza kitu juu ya ghorofa yenyewe. Nilitoka nikiwa nimechanganyikiwa. Hii ni ushamba wetu ama hata kwa miji mikubwa huko nje ni hivo? Na kikao kingine kikiitwa, niseme nini?"

Dadangu, si ushamba kabisa. Hicho kikao chenu ukikibeba vile kilivyo, na mzee wa ngege ndani, ukiweke Chicago 1967 ama New York 1985, hakuna mtu angeshtuka. Na huyo mzee mpe salamu zangu juu alikuwa na pointi, mbuta ililetwa tu hapa ziwani, ngege ndio mwenyeji.

Nianze na Chicago juu inafanana na yenu sana. Mwaka wa 1965 walimaliza jengo la korti na ofisi za serikali katikati ya mji, ghorofa 31, karibu mita 200, siku hizi linaitwa Daley Center. Walilijenga na ile chuma inaitwa Cor-Ten, ambayo inashika kutu ya juu juu halafu hiyo kutu inageuka ngozi inayokinga ya ndani, so haipakwi rangi. Mbele wakaacha uwanja, na tarehe 15 Agosti 1967 wakafunua hapo sanamu ya Picasso, mita 15 kwenda juu, zaidi ya tani 140, ya chuma ile ile ya jengo. Haikuwa na jina. Watu wakaangalia wakaangalia, huyu anasema ni ndege, huyu ni mwanamke, huyu ni mbwa, mwingine nyani. Diwani mmoja akasema itolewe wawekewe sanamu ya Ernie Banks, mchezaji wao wa besiboli, yaani ni kama MCA wa hapa asimame aseme ondoeni hiyo chuma mtuletee mchezaji wa Gor Mahia. Na Picasso hakuwahi hata kukanyaga Chicago. Walitaka kumlipa dola 100,000 akakataa, akasema ni zawadi kwa watu wa mji.

Sasa angalia hapo vizuri. Jengo na sanamu ni chuma moja, kutu moja, rangi moja, uwanja mmoja. Moja ikatukanwa mwaka mzima, ile ingine iliyoizidi urefu mara kumi na tatu ikasimama tu hapo nyuma imenyamaza. Mtu anabishana na kitu kiko karibu na pua yake. Ghorofa ya mita 200 huwezi kuishika, huwezi kuipiga teke, na moyoni ushajua ishapitishwa na watu wenye pesa. Sanamu iko hapo chini kwa urefu wa binadamu, haina wakili na haina benki nyuma yake, so hasira yote ya mradi inamwagikia hapo. Nimekaa kwa hizi kazi miaka mingi na hii kitu nimeiona tena na tena mpaka siku hizi nikisikia watu wanatukana sanamu mimi nauliza kwanza, hebu niambieni ni nini kiko nyuma yake.

Na tusijifanye hatujui, hapa hapa Kisumu tuko na yetu. Agosti 2014 jamii ya Masingasinga waliweka mnara wa ukumbusho wa kutimiza miaka 100 ya kuishi Kisumu. Watu wakasema ni ya kishetani, wakaandamana, ikaharibiwa, mwishowe ikaondolewa. Miaka mia moja ya watu waliozaliwa hapa wakafia hapa, ikaisha kwa siku chache. Wakati ule ule hakuna mtu aliandamana juu ya majengo yaliyokuwa yanakula njia ya miguu pale mjini, na hayo yako bado, pita uone. Halafu linganisha na ile saa ya mnara pale Oginga Odinga Street, ilijengwa 1938 na watoto wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao. Hiyo nayo ni ukumbusho wa familia moja tu ya Kihindi, lakini nani amewahi kuigusa? Watu wanaambiana "tukutane clock tower" na maisha yanaendelea. Maana iko na kazi, inaonyesha saa, na ukingojea mtu hapo hakuna askari anakufukuza.

Hiyo ya "hakuna anakufukuza" shika, tutairudia.

New York ndio kesi ninayopenda kuliko zote juu pale wananchi walishinda na bado sijui kama walishinda. 1981 serikali yao iliweka mbele ya jengo kubwa la ofisi za serikali kule chini Manhattan ukuta wa chuma wa msanii Richard Serra, unaitwa Tilted Arc, urefu karibu mita 37, kwenda juu mita tatu na nusu na kidogo, umepinda na umelala kidogo kama ukuta wa nyumba inataka kuanguka. Unakata uwanja katikati. Mtu akitoka kazini anataka kuvuka aende zake, lazima azunguke. Wafanyakazi wakakasirika, wakasema tumezibiwa uwanja, panya wamezidi, mtu anaweza kujificha huko nyuma. Machi 1985 kukawa na kikao cha siku tatu, watu 180 wakasema yao, 122 wakitaka ibaki na 58 wakitaka itoke. Umesoma hiyo hesabu? Waliotaka ibaki ni zaidi ya mara mbili. Na bado jopo likaamua itoke, kura nne kwa moja, na Machi 1989 wakaja usiku wakaikata vipande. Wengi wa wale 122 walikuwa wasanii na watu wa makumbusho, hawakuwa wanavuka ule uwanja kila siku na njaa ya saa saba. Kwa hivyo usiku wa kuamua mambo ya uwanja, mimi binafsi sauti ya anayevuka naipa uzito. Lakini pia nitakwambia ukweli, jengo lile lenyewe ni sanduku na uwanja wake ulikuwa mkavu hata kabla ya Serra. Chuma ikatolewa, sanduku likabaki, na miaka mingi baadaye bado walikuwa wanahangaika na uwanja ule, mara viti, mara vilima vya nyasi, mara wabomoe tena.

Kuna mpya zaidi, ya 2019, Hudson Yards, huko New York bado. Ni mtaa mzima wa ghorofa ndefu umejengwa juu ya paa ya yadi ya treni, na katikati wakaweka kitu cha mbunifu Thomas Heatherwick kinaitwa Vessel, mita 46, ni ngazi tupu, karibu vidato 2,500 vinapanda kwenda mahali hakuna. Watu wakaiita shawama. Mwanzo masharti yao yalikuwa yanasema ukipiga picha hapo wenye mahali wako na haki ya kuitumia, watu wakapiga kelele wakabadilisha. Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni kwamba kingo za zile ngazi zilikuwa fupi, zinamfika mtu kifuani, na watu wakaanza kujitoa uhai hapo. Bodi ya wakazi ikaomba kingo ziinuliwe. Wakafunga Januari 2021, wakafungua Mei na tiketi na sheria ya kutopanda peke yako, kingo hawajainua, Julai akafa wa nne. Wakafunga tena miaka mitatu, wakafungua Oktoba 2024 na wavu wa chuma umewekwa. Naleta hii juu wakati wa ufunguzi mabishano yote yalikuwa ni nzuri ama ni mbaya, inafanana nini. Swali la ukingo uko urefu gani linaonekana ni swali dogo la fundi, na ndilo lilikuwa swali.

Ya mnara wa Eiffel naruka, kila developa anayo kwa mdomo, "hata Eiffel walikataa mwanzo, watu watazoea". Akikwambia hivo kwa kikao muulize kuhusu Montparnasse. Ni Paris hiyo hiyo, mnara wa mita 210 ulimalizwa 1973, na mwaka wa 1977 jiji likaweka kikomo cha urefu cha mita 37 kwa sehemu kubwa ya mji. Nusu karne sasa na hawajazoea. Watu huzoea sura, hiyo ni kweli kabisa, watoto wa Chicago leo wanateleza kwa ile chuma ya Picasso kama slaidi ya shule. Lakini hakuna mtu huzoea upepo wa kumwangusha ama njia iliyozibwa.

Sasa tuje kwa ghorofa yenu, juu hapa ndio kwenye nyama.

Jambo la kwanza ni upepo. Huko juu upepo unakimbia kuliko hapa chini, hauna miti na nyumba za kuuzuia. Ukikutana na ukuta mrefu mpana unagawanyika, sehemu moja inapanda, nyingine inateremka na ukuta mpaka chini, halafu inatafuta pa kutokea na inatokea kwa pembe za jengo, hapo ndio kasi inaongezeka. Leeds kule Uingereza kuna jengo la mita 112 linaitwa Bridgewater Place, Machi 2011 upepo wa chini ya jengo ulipindua lori likamwua mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu. Baadaye wakalazimika kuweka mabawa makubwa ya kukata upepo barabarani. Na hapa Kisumu, wewe unajua kuliko mimi, mchana jua likipasha ardhi upepo wa ziwa unaingia, saa nane saa tisa uko juu kabisa. Siku moja nilikuwa nimesimama kwa pembe ya jengo moja refu hapo mjini, kuna mama anauza soksi chini ya mwavuli mkubwa, na mguu wa mwavuli ameufunga kwa mtungi wa lita ishirini umejaa mchanga. Upepo ukaja. Ule mtungi ulisogea. Ulikwaruza lami hivi, krrr, kama mtu anavuta meza, na mama hata hakuangalia, aliweka mguu juu ya mtungi akaendelea kurudisha chenji. Nikamuuliza ni kila siku, akaniambia, "Kabla hii ghorofa imalizwe nilikuwa natumia jiwe."

Hiyo sentensi ingekuwa kwa ripoti ya mazingira mahali fulani. Haiko.

Dawa yake si ngumu. Jengo linaanza na sehemu pana ya ghorofa tatu nne hivi, halafu mnara wenyewe unarudi nyuma, so upepo ukiteremka unaangukia hiyo paa si kichwa chako. Au kibaraza kipana, na miti ya kweli. Inakula pesa na nafasi kidogo, ndio maana usipouliza haiwekwi.

Jambo la pili, vioo. London kuna jengo la 20 Fenchurch Street, wao wanaliita Walkie Talkie, ukuta wake wa upande wa kusini umepinda ndani kama karai. Mwaka wa 2013 likiwa bado linajengwa jua likakusanywa na kile karai likayeyusha vipande vya gari la mtu aina ya Jaguar limepaki barabarani, na waandishi wa habari wakakaanga yai kwa njia. Ikabidi waweke vizuizi vya jua. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua la saa sita liko utosini, haligongi kuta sana, so ya kwetu si saa sita. Ya kwetu ni saa kumi mpaka saa kumi na mbili, jua liko chini upande wa ziwa linapiga ukuta wa magharibi moja kwa moja. Ukuta huo ukiwa kioo kitupu, mtu wa boda anayekuja akielekea jengo ananyeshewa na jua lingine usoni. Na ndani watu wanaiva, AC inapiga kelele, stima inapanda. Kwa hivyo uliza, upande wa magharibi ni kioo ama ni nini?

Kivuli nacho hapa tofauti na wazungu. Kule wanapigana juu ghorofa inawanyima jua. Hapa nani analilia jua? Ukiwa na duka upande wa magharibi wa ile ploti, asubuhi utapata kivuli cha bure mpaka kama saa nne hivi, hiyo ni faida na useme ni faida, usiende kikao kupinga kila kitu. Lakini kama uko mashariki utakipata jioni. Nyumba yenye sola kwa paa ndio inafaa iangalie hesabu vizuri.

Halafu uwanja wa mbele. 1961 New York waliweka sheria, ukiacha uwanja wazi mbele ya jengo unaruhusiwa kuongeza ghorofa. Wakaacha, viwanja vikawa vingi, na vingi vitupu kama uwanja wa shule likizo. Kuna bwana anaitwa William H. Whyte akaanza kuwapiga picha za filamu watu wakiwa kwa hivyo viwanja, akihesabu nani anakaa wapi, na akapata jambo ambalo nyanya yako angemwambia bila kamera, watu wanakaa mahali penye pa kukaa. Kwa ngazi, kwa ukuta mfupi, kwa benchi, karibu na chakula, chini ya mti. 1975 ikabidi sheria ibadilishwe, viti vikawa lazima.

Nikiri yangu sasa, maana nisipokiri nitakuwa mnafiki. Nakuru kuna jengo la ghorofa nane nilichora nikiwa bado kijana. Mteja alitaka mbele pang'ae, nikamchorea chemchemi ya mapambo, maji yanaruka, taa za rangi. Siku ya kufungua ilifanya kazi, wageni wakapigwa picha. Pampu ikakufa baada ya muda mfupi na hakuna bajeti ya kuibadilisha. Leo iko na mchanga na vichungi vya sigara, na mlinzi amefunga baiskeli yake kwa ile bomba ya katikati. Watu wanacheka hiyo chemchemi mpaka leo. Lakini kitu kibaya hapo si chemchemi. Kitu kibaya ni njia ya magari ya kuingia paking ya chini, niliitoa mpaka ukingoni mwa barabara nikakata njia ya miguu, so mama mboga na watoto wa shule wote wanashuka kwa lami wanapita na matatu. Hiyo haichekwi na mtu, na mkono uliochora ni huu.

Basi kikao kikiitwa. Kwanza waambie waonyeshe picha ya mtu amesimama chini, saa tisa mchana, kwa njia ya miguu. Zile picha za projekta mnaonyeshwa zimepigwa kutoka angani ambako hakuna mtu anaishi, jioni ya dhahabu, miti ya miaka ishirini, mzungu anatembeza mbwa, na hakuna bodaboda hata moja. Kisumu bila boda, ni mji gani huo? Uliza magari yanaingilia wapi na njia ya miguu inabaki upana gani. Uliza maji machafu na mvua vinaenda wapi, maana ghorofa ishirini ni vyoo vingi. Uliza kama wamepata kibali cha urefu kutoka KCAA, wale wa usafiri wa ndege, maana uwanja wa ndege hauko mbali. Uliza wamefanya vipimo vya upepo ama wanaotea.

Ya sanamu, uliza mambo matatu tu, nani ameichagua, nani ataiosha na kuitengeneza ikishika kutu mbaya, na je, mtoto akipanda juu yake askari atamfukuza? Wakijibu hiyo ya mwisho "ndio", hiyo ni mali ya benki imewekwa nje, waiingize ndani. Kama ni samaki ama tanga, kwangu sawa. Philadelphia wako na pegi ya nguo ya mita 13 na zaidi mbele ya ghorofa tangu 1976, kazi ya Claes Oldenburg, na mji haujaanguka.

Na usiseme kwa mdomo tu, andika. Mradi wa aina hiyo unahitaji ripoti ya athari za mazingira, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya serikali, hutoa notisi gazetini ukiwa na haki ya kwenda kusoma ripoti kwa ofisi yao na kupeleka maoni kwa maandishi, siku zimeandikwa kwa notisi yenyewe, zihesabu. Kaunti nayo ndio inatoa ruhusa ya ujenzi, peleka nakala huko pia na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwa kopi yako, huo muhuri ni dhahabu. Leseni ikitolewa na hujaridhika kuna baraza la rufaa za mazingira linaitwa NET (National Environment Tribunal), siku 60 za kukata rufaa. Katiba inasema ushirikishwaji wa umma, lakini daftari la mahudhurio uliloweka sahihi ukipewa soda si lazima liandike kwamba ulipinga, so soma juu ya karatasi kabla uweke kalamu.

Kabla ya hapo fanya kitu kimoja. Saa tisa, siku ya upepo, nenda na leso usimame kwa pembe ya ploti, ishike kwa ncha mbili, mtu akupige video ya nusu dakika. Halafu enda kwa pembe ya ghorofa yoyote ndefu hapo mjini ufanye vile vile. Peleka hizo mbili kwa kikao na uombe projekta. Nikipata tarehe mapema nitajaribu kufika, niwekee tu kiti karibu na dirisha maana kumbi za makanisa nazijua joto lake.